Nakshi inayopinda: anza na kidaraja, ua lifuate

Plaiwudi ya milimita 3 iliyopitishwa kwenye leza ikakatwa mikato mingi hupinda kama ngozi. Kinachobeba kazi ni vidaraja, yaani vipande vyembamba vya mbao vinavyobaki kati ya mkato na mkato. Ubao ukikunjwa, kila kidaraja hujisokota kidogo, na misokoto hiyo ikijumlishwa ndiyo mkunjo. Basi, kabla hujachora ua au nyota, amua urefu na upana wa kidaraja.

Urefu ukiwa mara mbili, ugumu hushuka nusu. Upana una makali zaidi: kwa vidaraja vyembamba, ugumu hufuata karibu kipeo cha tatu cha upana. Ukichora kidaraja cha milimita 2 na leza ikala 0.2, umepoteza karibu robo ya ugumu. Pima njia ya leza yako kwanza, yaani upana wa mbao inayoliwa na mkato mmoja, kisha iingize kwenye programu unayochorea nakshi.

Chukua kona ya digrii 90 yenye nusukipenyo cha milimita 30. Tao lake ni milimita 47. Ukiweka mstari wa mikato kila milimita 3 unapata kama 16, kila mmoja ukibeba digrii zisizofika 6. Zikizidi 7 hivi, kingo za ndani hugusana na ubao hugoma.

Usiamini hesabu peke yake, kwa sababu plaiwudi hubadilika kutoka shehena hadi shehena. Kata vipande vitano vya majaribio, upana wa kidaraja ule ule, urefu wa kidaraja milimita 15, 20, 25, 30 na 40. Bana ncha moja, ning'iniza gramu 200 kwenye nyingine, andika kila kimoja kimeshuka kiasi gani. Jedwali hilo ndilo programu itakalolisoma kuchagua urefu wa kidaraja kwa kila sehemu ya mkunjo, iwe ni Grasshopper (programu ya kuchora kwa kanuni) au msimbo wa Python unaotoa faili la SVG, yaani mchoro wa mistari ambao leza huufuata.

Sasa nakshi. Pinda mistari ya mikato iwe petali, ila umbali kati ya mistari miwili usishuke chini ya upana uliouchagua. Ua lililozungushiwa duara zima lisilokatwa hubaki kisiwa kigumu. Ncha kali za majani ndipo nyufa huanzia. Zizungushe angalau nusu milimita. Vidaraja vifuate nyuzi za mbao za tabaka la juu, la sivyo huvunjika kama biskuti. Mikato ya pembeni itokeze nje, maana ukiacha fremu nzima, ubao haukunjiki. Na usiruke ghafla kutoka nakshi nzito kwenda nyepesi: badilisha polepole kwa mistari minne, kwani palipo na mruko ndipo ubao huvunjikia.