Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mvua ya Dodoma

Tabata, Dar es Salaam
18 Januari 2026

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi na baba yako barazani baada ya misa. Unasema kwamba wewe na mumeo mlipanga kwenda Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili katikati ya Februari, kuadhimisha miaka saba ya ndoa yenu, na kwamba sasa mumeo anaona mvua zitaharibu kila kitu na anataka safari iahirishwe hadi Agosti. Umeniuliza kama mwahirishe. Kisha, mwishoni kabisa, umeuliza jambo jingine ambalo nimelingojea kwa miaka mingi: mwaka 1998, ulipokuwa darasa la nne, mimi na baba yako tulikwenda huko huko tukanyeshewa, tulipoondoka tulikuwa hatusemezani, na tuliporudi tulikuwa tunazungumza. Unataka kujua kulitokea nini. Nimemwomba baba yako ruhusa ya kukueleza, naye amekubali.

Naanza na mvua, kwa kuwa tarehe yenu iko karibu. Mumeo hakosei kuhusu zabibu. Mzabibu katika nchi zenye baridi kali hupumzika majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka, lakini Dodoma haina baridi ya namna hiyo, na kwa hiyo anayeuamsha mzabibu ni mkulima mwenyewe kwa mkasi wake: akishapogoa, machipukizi hutoka, na baada ya miezi minne hivi vichala huwa tayari kuvunwa. Ndiyo maana kule huvuna mara mbili, Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi hupata jua la kutosha na maji ya umwagiliaji yanayotolewa kwa kipimo, hivyo sukari ya tunda hupanda. Mavuno ya wakati wa mvua hayana bahati hiyo, kwa sababu tunda hufyonza maji mengi, utamu hupungua, ganda hupasuka, na ukungu huingia ndani ya vichala hata kama mkulima amepulizia salfa na mrututu, dawa za kuzuia ukungu, maana mvua ya alasiri huosha alichopulizia asubuhi. Na sukari hiyo ndiyo inayozaa mvinyo: hamira huila na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya ukaa, kiasi kwamba takribani gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja tu ya kileo. Nilifundisha baiolojia kwa miaka 31, kwa hiyo utanivumilia. Kama shabaha ya safari yenu ni kuonja zabibu iliyokamilika, basi Agosti ni bora, na mwambie mumeo kwamba nimesema hivyo.

Kwa safari ya watu wawili, hata hivyo, Februari ina uzuri wake. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, wakati sisi huku Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000, na huko yote hunyesha katika msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili. Mara nyingi wingu hujikusanya mchana, mvua ikashuka kwa kishindo, kisha jioni mbingu ikafunguka. Mibuyu unayoiona mitupu nyakati nyingine za mwaka huwa imevaa majani, na nchi ambayo watu huisema kuwa ni ya vumbi huwa ya kijani hadi kwenye mawe. Asubuhi mtatembea, alasiri mtakaa ndani.

Sasa nije kwenye mwaka 1998.

Mwezi wa Oktoba 1997 nilikwenda Kimara kutazama kiwanja chetu. Tulikuwa tumekinunua kwa fedha nilizopokea zamu yangu ya upatu ilipofika, pamoja na akiba ya baba yako, na mwaka ule nilitaka kuhesabu mawe tuliyoyaweka pale ili nijue kama yanatosha msingi. Nilikuta msingi umekwishaanza kujengwa. Fundi mmoja, kijana mwenye adabu, aliacha mwiko wake, akaniamkia, akaniuliza, “Mama, unamtafuta nani?” Sikuwa na jibu la kumpa. Nilipanda daladala kurudi nyumbani, na jioni hiyo baba yako alikiri kwamba alikiuza miezi miwili kabla ili kumwokoa baba yako mdogo katika deni lililokuwa karibu kumfikisha mahakamani.

Kuanzia siku ile sikumsemesha. Nilipika, nilifua, nilikwenda kazini, nilisali, lakini kwa baba yako sikuwa na neno. Na kwa kuwa nyumba haiwezi kuendeshwa bila maneno, maneno yakapitia kwako. “Mwambie baba yako chakula kiko mezani.” “Muulize mama yako kama ada imelipwa.” Ulikuwa unatoka sebuleni kwenda jikoni, jikoni kwenda chumbani, ukibeba sentensi za watu wazima wawili waliokuwa umbali wa hatua kumi. Ulikuwa na miaka kumi. Kabla sijakueleza jambo jingine lolote, nakuomba radhi kwa hilo, mwanangu. Nimelibeba moyoni muda mrefu kuliko kiwanja.

Mwaliko wa Dodoma ulitoka kwa rafiki wa baba yako, ambaye alisoma naye Mzumbe, na ambaye baada ya kuacha kazi ya ofisi alilima ekari mbili za zabibu maeneo ya Mpunguzi, kwenye barabara iendayo Iringa. Alijua kwamba tulifunga ndoa tarehe 12 Februari 1983, na alitaka miaka 15 tuiadhimishe kwake. Nilikubali kwenda kwa sababu kukataa kungenilazimu kumsemesha baba yako.

Kumbuka kwamba huo ulikuwa mwaka wa El Niño. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1997 zilikuwa zimekula barabara na madaraja sehemu nyingi za nchi, na basi letu lililoondoka hapa alfajiri ya Ijumaa lilifika Dodoma usiku, baada ya kilomita 450 hivi za matope na kusimama. Tulikaa viti vya pamoja siku nzima. Baba yako alininunulia mahindi ya kuchemsha Gairo, nikayapokea, nikashukuru kwa kichwa.

Mpango ulikuwa kwamba Jumamosi twende Bihawana, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu katika miaka ya 1950 ili kupata divai ya misa, na huko tuombewe. Lakini Jumamosi tuliamka na mvua iliyokuwa ikipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba tulizungumza na wenyeji wetu kwa ishara, na korongo lililokuwa kati yetu na barabara likajaa maji mekundu. Hapakuwa na kwenda popote. Nilikaa kitandani nimevaa nguo zangu za safari, nikitazama ukuta, na baba yako akakaa kwenye kiti karibu na mlango, na kwa saa tatu tulisikiliza mvua. Hizo ndizo saa ngumu kuliko zote katika ndoa yangu, kwa sababu hapakuwa na mtoto wa kutumwa.

Karibu saa tano mvua ilikatika. Mwenyeji wetu akatoka kutazama shamba akarudi na uso wa wasiwasi: tunda lilikuwa limeiva, limejaa maji, na kama mvua nyingine ingeshuka alasiri kabla ya kuvuna, ganda lingepasuka na ekari nzima ingeoza. Aliita majirani, watoto, kila mwenye mikono. Mke wake akatugawia mikasi na ndoo na kutupanga wawili wawili, kila mstari watu wawili, mmoja upande huu wa mizabibu na mwenzake upande wa pili. Alitupanga sisi pamoja, kama ambavyo mtu yeyote angewapanga mume na mke.

Mizabibu ile ilikuwa imefungwa kwenye waya na nguzo, na majani yake yalikuwa mazito. Nilichoweza kukiona cha baba yako kilikuwa mikono yake tu, ikipenya majani kutafuta kikonyo, ikikata, ikitua kichala ndooni. Unaijua mikono ya baba yako. Nilikuwa sijaitazama tangu Oktoba. Tulikwenda hivyo mpaka katikati ya mstari, kisha nikasikia sauti yake, “Angalia mkono wako, kuna nyigu.” Manyigu hufuata zabibu zilizopasuka. Nikasema, “Nimemwona.” Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza baada ya miezi minne.

Nguzo mbili au tatu mbele, alianza kusema bila kuulizwa. Alisema, “Sikukuficha kwa kuwa nilidhani ungekataa kwa ubaya. Nilikuficha kwa kuwa ungekataa kwa haki, nami nisingekuwa na la kukujibu.” Nilikata vichala viwili bila kusema neno. Kisha nikamweleza habari za fundi. Yeye miezi yote ile aliamini kwamba kuna jirani aliyeniletea habari; hakujua kwamba nilisimama pale juu ya kiwanja changu na kuulizwa namtafuta nani. Mkasi wake ukanyamaza. Majani yakatulia. Sikuuona uso wake, na nadhani kama ningeuona nisingeweza kuendelea, lakini nikaendelea, nikamwambia na la kwangu: kwamba tangu Novemba nilikuwa nimefungua akaunti asiyoijua, na kwamba nilikuwa nikiweka humo nauli na fedha za miezi mitatu ya kuanzia, ili shule zitakapofungwa Juni niwachukue ninyi niende nanyi nyumbani kwetu Ifakara nisirudi.

Alichukua muda mrefu. Kisha akauliza, “Umefikisha kiasi gani?” Nikamtajia. Akasema, “Basi usizitoe. Ziache ziwe zako, hata tukikaa.” Mwanangu, akaunti ile bado ipo mpaka leo.

Tulimaliza mstari ule tukaanza mwingine. Mvua ilirudi saa tisa, na sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imekwishavunwa. Jioni tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, tukaletewa glasi za mvinyo mwekundu wa mavuno yaliyopita, na vidole vyangu vilikuwa na rangi ya maganda hata sabuni haikuitoa. Jumapili maji ya korongo yalipungua, tukavuka tukiwa na matope hadi magotini, tukaiwahi misa ya Bihawana.

Sitaki uelewe kwamba hasira yangu iliishia kwenye mizabibu ile. Kiwanja hakikurudi. Baba yako mdogo alilipa nusu ya fedha, kidogo kidogo, na nilichukua miaka kadhaa kabla ya kupita Kimara bila kugeuza uso. Kilichobadilika ni kwamba tangu siku ile ninapokasirika namwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, na yeye anapotaka kuamua jambo la fedha huniambia kabla, hata pale anapojua nitakataa. Ndiyo hayo uliyoyaona tuliporudi.

Sasa kuhusu safari yenu. Katika ujumbe wako umeandika “yeye anasema” mara tano, na neno “sisi” sikuliona baada ya mstari wa kwanza. Mimi ni mama yako na huenda ninasoma kisichoandikwa, lakini nimesahihisha insha nyingi katika maisha yangu na hujifunza kuangalia neno linalokosekana. Kama yapo mambo ambayo hayajasemwa kati yenu, sishauri yangojee Agosti. Nenda Februari. Kama hayapo, na kweli mumeo anawaza zabibu tu, basi msikilize, ahirisheni kwa amani, na mimi nitafurahi kuwa nilikosea.

Mkienda, barabara isiwatie hofu, kwa sababu tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa saa chache tu, na hamtahitaji siku nzima kama sisi. Chukueni buti za mpira, za kwako na za kwake, na nguo ambazo hamtaona uchungu zikipata madoa. Kuna kiwanda cha mvinyo Hombolo na mashamba ya zabibu Makutupora, vyote vinafaa kutembelewa, lakini naomba asubuhi moja muitumie kwa mkulima wa kawaida, na mumwombe awakubalie kuvuna japo mstari mmoja. Wakati huo wa mwaka hakuna mkulima anayekataa mikono. Mtakapofika salimieni “mbukwenyi,” nao watafurahi kwamba mmejifunza salamu ya Kigogo. Mjukuu wangu mleteni Alhamisi kabla ya magharibi pamoja na sare zake na viatu vya shule. Baba yako anasema Ijumaa atampeleka shule yeye mwenyewe, na Jumapili atakuja kuwapokea stesheni.

Nakupenda,
Mama yako