Italia kwa siku saba
Dada, umesema unataka kuzunguka miji mitano ya Italia kwa siku saba; hizo ni mbio za sakafuni, utaishia kuona stesheni tu. Chukua mitatu: Roma siku tatu, Florence mbili, Venice mbili. Treni ya kasi kutoka Roma hadi Florence ni kama saa moja na nusu, na ukikata tiketi mapema nauli huwa nafuu. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili nyingi, na Uffizi, jumba la sanaa la Florence, Jumatatu. Venice shuka stesheni ya Santa Lucia, si ya Mestre, la sivyo utajikuta bara unaulizia mifereji. Na beba begi dogo! Mle hamna gari, ni madaraja ya ngazi kila kona (mgongo wangu haujasahau). Maji Roma usinunue, mabomba ya barabarani yanatoa ya kunywa bure.