Kwa aliyeshindwa kumvumilia Odili

Mleta uzi, nimekuelewa vizuri. Uliambiwa A Man of the People ya Chinua Achebe (wengine tumeisoma kwa Kiswahili kama Mwakilishi wa Watu) ni riwaya ya kuchekesha. Umefika katikati na unataka kuiweka chini kwa sababu msimulizi wake, Odili, anajiona, anadharau watu na anawatumia wanawake. Unauliza kama tatizo ni kitabu au ni wewe, na kama umpe mdogo wako anayeingia kidato cha tano. Wengi waliokujibu wamesema tu kwamba mwandishi hakukusudia umpende Odili. Ni kweli, lakini jibu hilo linakufunga mdomo wakati hasira yako ndiyo yenye la kusema.

Mimi niko Mbeya. Tuna kikundi cha kusoma kinachokutana Jumamosi jioni Mwanjelwa, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule. Tunasoma kwa sauti kwa kupokezana, kwanza kwa sababu nakala huwa hazitoshi, pili kwa sababu baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba inafanya watu wafurahie kubanana chumbani na chai ya tangawizi. Kitabu hiki tumekisoma hivyo mwanzo hadi mwisho, na hakuna kingine kilichotugombanisha kiasi kile.

Mwanzoni hakuna aliyegombana na mtu. Sura ya kwanza Waziri wa Utamaduni, Chifu Nanga, anafika shuleni Anata, ngoma zinapigwa, walimu wamepangwa mstari kama watoto, na Odili amesimama pale akiwadharau wote, waziri na wanaomshangilia. Kisha Nanga anamtambua, anakumbuka kwamba aliwahi kumfundisha, anamkumbatia mbele ya watu. Dharau yote inayeyuka hapo hapo. Tulicheka sana, maana kila mmoja wetu anamjua mtu anayemsema mkubwa kijiweni halafu akipewa mkono na huyo mkubwa anatembea nao juu siku nzima. Hata Odili alipolala kwenye kitanda cha nyumbani kwa waziri mjini na kukiri kwamba angepewa uwaziri usiku ule asingetaka kuuachia tena, bado tulikuwa upande wake. Anasimulia vizuri, ana jicho kali kwa makosa ya wengine, na mtu wa namna hiyo ukimsikiliza unajikuta umekaa kambi yake bila kuulizwa.

Ndipo likaja suala la Elsie, msichana wa Odili. Odili anajigamba kwamba alilala naye saa ileile waliyokutana. Vijana wakacheka. Baadaye Nanga anamuuliza kama yuko siriasi na huyo binti, naye kwa kutaka kuonekana mwanamume mbele ya mwanamume anajibu kwamba hapana, ni msichana wa kula naye raha tu. Akina mama wakaacha kucheka. Usiku Nanga anaingia chumbani kwa Elsie, Odili anamsikia Elsie akimwita kwa jina, na haingii. Mama mmoja anayeuza viazi Uyole, ambaye alikuwa kimya jioni yote, alisema Odili kaitwa kwa jina lake na hakwenda, na kinachomuuma mpaka sasa ni heshima yake yeye. Vijana wakabisha kwamba Elsie alikuwa anajua anachofanya. Palichafuka. Chai ilipoa na kurasa hazikusonga jioni ile.

Mimi nasimama na yule mama, na nasimama hapo kwa sababu ya maandishi yenyewe. Nanga asubuhi yake anajitetea kwa maneno ya Odili: nilikuuliza ukasema si wako. Achebe ameliweka jibu lile la Odili mapema, katikati ya utani, ili tulicheke kabla hatujajua litatumikaje. Kwa hiyo ulipokasirika, mleta uzi, ulikuwa umesoma sawasawa. Kitabu kinasimuliwa na mdomo wa Odili mwenyewe, hakuna sauti nyingine ya kumkosoa ndani yake. Mwenye kazi ya kumkosoa ni msomaji, na huwezi kuifanya usipokereka.

Ila kila mtu ana ukurasa wake wa kukereka. Kijana mmoja wa bodaboda alimtetea Odili kwenye suala la Elsie, na kwenye mpango wake wa kulipa kisasi kwa kumchukua Edna, binti ambaye Nanga anataka kumfanya mke wa pili. Akamtetea pia alipoingia chama kipya cha rafiki yake Max ili agombee dhidi ya Nanga, ingawa ni wazi hasira ya mapenzi na ya siasa zimechanganyika mpaka yeye mwenyewe hajui ipi ni ipi. Kijana huyu alinyamaza tulipofika kwenye mkutano wa Nanga, ambako Odili amejificha kwa kofia na miwani ya giza, akatambuliwa, akaburutwa jukwaani na kupigwa mpaka kulazwa hospitali. Wengine, waliokuwa wamemchukia, walianza kumhurumia hapo hapo.

Aliyetufundisha zaidi alikuwa mama mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana fedha. Yeye hakugombana na mtu muda wote. Alifika mwisho kabisa, sura ya mwisho, jeshi limeshapindua serikali na vyama vimefutwa, Max ameuawa, na Odili anataka kumuoa Edna. Inabidi arudishiwe Nanga mahari aliyokwisha kutoa. Odili anaeleza, kama jambo dogo tu, kwamba ameamua kuzikopa fedha za chama zilizobaki mikononi mwake, kwani hazielekei kuhitajika karibuni. Sisi tulikuwa tunakimbilia ukurasa wa mwisho. Mama akasema rudini, someni tena hapo. Huyu alikataa kwa kiburi pauni 250 za Nanga za kumfanya ajitoe kugombea, akamlaumu Max kwa kupokea pauni 1,000 za Chifu Koko, waziri aliyekuwa akishindana na Max, na sasa fedha za wenzake anazitolea mahari? Kikundini kwao sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kwa sababu mtu anayesema "nakopa tu, hazina kazi kwa sasa" wanamjua.

Baada ya hapo ikabidi turudi nyuma kwa Josiah, mwenye duka aliyeiba fimbo ya kipofu, na kijiji kizima kikaacha kununua kwake mpaka biashara ikafa. Kijijini mali ina mwenyewe anayeona. Odili anakisimulia kisa hicho kwa kukikubali kabisa, na mwishoni anasikitika kwamba kwenye taifa hakuna macho ya namna hiyo. Anasema hivyo huku fedha za chama ziko mfukoni mwake! Nimekisoma kitabu hiki zaidi ya mara moja na naona sentensi ile ya mkopo ndiyo nzito kuliko mapinduzi yenyewe, ambayo watu wanayataja zaidi kwa sababu kitabu kilitoka Januari 1966, mwezi uleule jeshi la Nigeria lilipopindua kweli.

Simtetei Achebe kwa kila kitu. Edna kwangu ni mwembamba mno, anapita tu kutoka mikono ya baba kwenda ya Nanga kwenda ya Odili, na siwezi kuuweka wembamba wote huo kwenye macho mabovu ya msimulizi. Eunice, mwanasheria, mchumba wa Max, ndiye anayempiga Koko risasi, tendo kubwa kuliko yote katika kitabu, na anapewa mistari michache. Hapo mwandishi angeweza kutupa zaidi, hata kupitia mdomo wa Odili.

Kuhusu mdogo wako: mpe, na ampate Odili kabla ya notisi za darasani. Kikundini tuna vijana waliosoma kitabu hiki kidato cha tano na sita hapa Nyanda za Juu Kusini, na walichobaki nacho ni orodha: rushwa, matabaka, usaliti, nafasi ya mwanamke, na Odili akiwa kijana msomi mwenye msimamo. Mmoja alikuja na daftari lake la zamani, tukaliweka mezani kando ya ile sentensi ya mahari, akakaa kimya. Alifaulu mtihani na kitabu hakuwahi kucheka nacho hata mara moja.

Na wewe endelea. Zimebaki sura chache, zinakwenda haraka kuliko ulikotoka. Isome ya mwisho polepole, kwa sauti kama una mtu wa kukusikiliza, kisha rudi hapa utuambie ulikerekea wapi tena. Na kama kuna aliyemvumilia Odili mpaka mwisho bila kukereka popote, naye namsubiri aeleze kuhusu zile fedha.