Jiulize leo ni mwezi gani kabla ya kuuliza mavuno

Kama umeajiriwa juzi kwenye timu ya tathmini na wiki ijayo unashuka Ahero, kule Kano katika kaunti ya Kisumu, na tableti mpya mkononi, nikuibie siri moja: kabla hujamuuliza mtu amevuna nini, jiulize leo ni mwezi gani.

Mimi nilifunzwa na aibu. Tulikuwa tunatathmini mradi wa kugawa mbegu, tukapima kaya za Kano mwezi wa tano, mahindi yakiwa bado mabua, ghala tupu, mto umefura. Tukarudi mwezi wa tisa. Alama za chakula, yaani kipimo cha kaya inakula nini na mara ngapi, zilikuwa zimepanda vizuri, mfadhili akafurahi, nasi tukala nyama choma kwa furaha yake. Kisha mwenzetu mmoja, mkimya sana, akachomoa kaya ambazo hazikupewa hata punje moja ya mbegu. Nazo zilikuwa zimepanda, karibu sawa na zile za mradi. Kumbe tulikuwa tumepima msimu, sifa tukawapa mbegu. Siku hizi nikiitwa kazini, iwe Kano, iwe Turkana, iwe Sudan Kusini, nauliza mawili: kipimo cha mwanzo kilichukuliwa mwezi gani, na nani hakupewa? Ukiambiwa wote walipewa, tafuta kijiji jirani chenye mto uleule na soko lilelile.

Kipimo chenyewe cha alama za chakula utafundishwa kwa asubuhi moja. Unauliza kaya ilikula nini, siku ngapi, katika siku 7 zilizopita, na kila kundi lina uzito wake: nafaka 2, kunde 3, mboga 1, nyama na samaki 4, maziwa 4, mafuta nusu. Hesabu haisumbui. Kinachosumbua huku kwetu ni omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Kaya inayokula ugali, sukuma na mafuta kila siku inapata 14, 7 na 3.5, yaani 24.5. Sasa mama anakwambia omena pia wamekula siku zote saba. Ukibonyeza samaki, umeongeza 28. Kaya imeruka hadi 52.5, na mpaka wa kawaida wa kula vya kutosha ni kupita 35. Umewashibisha watu kwa kidole. Muulize alipika kiasi gani, au umwombe akuonyeshe sufuria. Kama ni omena wachache wa kutia ladha kwenye mboga ya watu wanane, hao ni kiungo, hawahesabiwi samaki. Kama kila mmoja alipata fungu lake, ni samaki. Wahoji wangu hubishana juu ya jambo hili hadi chai inapoa, na mimi huwaacha.

Gunia nalo usilikubali hivihivi. Kuna la kilo 90, kuna la 50, na anayejibu anajua analosema, ni wewe hujui. Gorogoro, ile mikebe ya kupimia nafaka, watu huihesabu kuwa kilo 2, lakini sokoni niliwahi kushika moja iliyobonyezwa kitako hadi ngumi yangu ikaenea ndani. Beba mizani ya kuning'iniza.

Ukiuliza "Ulipanda mbegu za mradi?" utajibiwa ndiyo tangu boma la kwanza hadi la mwisho, maana nani anataka jina lake lifutwe? Omba kuonyeshwa shamba, tena bila chifu wala mzee wa kijiji kuwa nyuma yako, hasa kama ndiye aliyeandika orodha. Nyanya mmoja alinicheka, akaniambia mbegu alimpelekea dada yake Busia, kwa sababu zilipofika yeye alikuwa ameshapalilia mara ya kwanza. Kiongozi wangu wa wakati huo alitaka tumwandike kama aliyetumia msaada vibaya. Mimi naona aliyekosea ni lori lililochelewa, na hilo ndilo linalopaswa kuingia kwenye ripoti.

Halafu kuna hili neno ustahimilivu, ambalo kila mradi sasa unalo kwenye jina. Mafuriko ya 2024 yalipopita tuliuliza watu waliuza nini ili wale. Mpangilio wa kuuza unasema mengi: kuku akienda ni kawaida, ng'ombe wa kulimia au plau ikienda, msimu ujao umeshaliwa. Mzee mmoja alijibu kwamba hakuuza chochote. Nikabonyeza hapana, nikawaza huyu amestahimili kweli. Mkewe, aliyekuwa akianua nguo, akasema bila kugeuka, "Angeuza nini? Tulimaliza mwaka jana."

Hojaji yetu ilikuwa na ndiyo na hapana tu. Zile za WFP, Shirika la Chakula Duniani, zina jibu la tatu, la aliyekwisha kuuza akabaki bila kitu, na sisi tulikuwa tumelikata ili kupunguza maswali. Nililirudisha jioni ile, siku ya nne ya kazi. Kaya za siku tatu za mwanzo tulizirudia kwa boda, nauli ikatoka mifukoni mwetu.