Maswali ya Wasomaji: Kulipwa kwa Kutolima

SWALI: Ndugu Mhariri, tunalima mahindi katika kaunti ya vijijini huko Iowa, Marekani. Jirani anasema serikali humlipa aache mteremko wake bila kulimwa. Je, jambo hilo ni kweli, na sisi tunaweza kuomba?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Mpango huo wa hifadhi ya ardhi ulianzishwa na sheria ya mwaka 1985, na chini yake Idara ya Kilimo hulipa kodi ya pango ya kila mwaka kwa mmiliki anayeondoa katika kilimo ardhi inayomomonyoka kwa urahisi na kuipanda nyasi au miti, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. Kwa kawaida mwombaji awe amemiliki ardhi hiyo kwa angalau miezi 12, nayo iwe imewahi kulimwa. Maombi hupelekwa katika ofisi ya idara inayohudumia kaunti yenu.

Someni masharti kabla ya kutia saini, kwa maana anayevunja mkataba hurudisha malipo yote aliyokwisha kupokea, pamoja na riba. Aidha, sheria kwa kawaida hairuhusu zaidi ya asilimia 25 ya ardhi ya mazao ya kaunti kuingizwa humo, kwani mashamba mengi yakilala, wauza mbegu na mbolea nao hukosa wateja. Kizuizi hicho nakiona cha busara.

Mkipenda kuendelea kulima, ulizeni kuhusu mpango mwingine unaofidia sehemu ya gharama za matuta na mazao ya kufunika udongo.