LeBron kaisha? Mi nasema kachoka tu

Mkuu umeuliza kama LeBron ndo kaisha baada ya timu yake ya kikapu, Lakers, kupigwa mechi 4-1 na Minnesota kwenye mtoano wa NBA (ligi ya Marekani) wa 2025. Hajaisha bwana, kachoka, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Gemu ya nne niliicheki Jumapili usiku kwa simu hapa Shangani Mtwara, bando lenyewe la kuungaunga, kocha wa Lakers, Redick, kaanza kipindi cha pili na watu watano na haohao kakomaa nao mpaka mwisho hajatoa hata mmoja, sasa mtu wa miaka 40 unampa dakika 46 unategemea robo ya nne aruke na miguu ya nani? Wakafa 116-113.

Ya tano ndo usiseme, alfajiri ya Mei Mosi, Gobert, senta wa Minnesota yaani yule mrefu wa chini ya kikapu, anaokota ribaundi (mipira iliyokosa kuingia) kama yuko chini ya mkorosho msimu umekolea, ribaundi 24! Lakers hawana senta wa maana, na hilo nalo la LeBron?

Wastani wa LeBron kwenye mtoano huo ulikuwa pointi 25 kwa gemu. Washkaji wa maskani wananiita chawa wake, poa tu, ila watajeni hao vijana wanaozifikisha.