Mashine haikati, inasukuma: kwa mnaoanza kazi ya kupiga nyuzi kwa rola

Wadogo zangu mnaotoka chuo, mkifika karakana yenye mashine ya kupiga nyuzi kwa rola mtatamani kuigusa siku hiyohiyo. Inavutia. Unaweka kipande cha chuma katikati, unakanyaga swichi ya mguu, rola zinakibana, na baada ya sekunde chache kinatoka bolti yenye nyuzi zinazong'aa. Lakini wiki ya kwanza fundi atakupa maikromita, kile kipimio cha unene mdogomdogo, na rundo la vipande, akuambie upime. Usidhani amekudharau. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na mimi ilinichukua miaka miwili na hasara moja kubwa kuelewa hivyo.

Kwanza elewa mashine inafanya nini. Kerezo, ile mashine inayozungusha chuma mbele ya kisu, linakata. Dai ya mkono, ile ringi yenye meno ya kukatia nyuzi, inakata. Ukimaliza kazi unafagia machicha ya chuma. Hii yetu haina machicha kabisa. Ina rola mbili ngumu zilizochongwa nyuzi mwili mzima, moja imefungwa mahali pake, nyingine inasukumwa na haidroliki. Zote mbili zinazunguka upande mmoja, na kipande kilicho katikati kinazunguka kinyume chake. Rola zinapokibana, chuma hakiondoki, kinahama: kinachodidimizwa kwenye bonde la uzi kinapanda kuwa kilele. Shika bolti iliyotoka sasa hivi, utaisikia ina joto ingawa haijapita kwenye moto wowote. Ni joto la chuma kilicholazimishwa kuhama.

Sasa tafakari maana yake. Kama hakuna kinachoondoka, basi chuma ulichoweka ndicho chuma utakachopata. Bolti ya M16, yaani ya kipenyo cha milimita 16, haianzi na kipande cha milimita 16. Inaanza na kipenyo cha katikati ya uzi, pale bonde na kilele vinapogawana. Kwa M16 yenye pichi ya 2, yaani milimita 2 kutoka kilele hadi kilele, kipenyo hicho kwenye bolti ya kawaida kinatakiwa kuwa kati ya milimita 14.50 na 14.66. Sisi tunakereza vipande mpaka 14.60, tunajaribu viwili vitatu, tunapima, ndipo tunaendelea. Na kilele kikishakamilika kinatakiwa kisimame kati ya 15.68 na 15.96. Kilele ni chembamba, kwa hiyo chuma kidogo kilichozidi huku chini kinaonekana kule juu kimeongezeka mara kadhaa. Ukikosea sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye kipande, umekosea bolti nzima.

Hasara yangu ilikuwa hii. Tulikuwa na oda ya bolti mia mbili za kuzika kwenye zege. Mimi nilikuwa kwenye kerezo asubuhi, mchana kwenye mashine ya rola. Nilipima kipande cha kwanza, 14.60 safi, nikapima cha pili na cha tatu, nikaridhika. Sikukumbuka kwamba kisu cha kerezo kinalika kadiri unavyokereza, na kikilika kipande kinazidi kunenepa. Nilipofika kipande cha sitini na kitu, vilikuwa vimefika 14.8. Mchana vikaingia kwenye rola. Sauti ilibadilika: mashine ambayo kawaida inanguruma kwa utulivu ikaanza kukoroma, na bolti zikatoka na magamba madogomadogo kwenye vilele, kama ya perege. Mimi nikaongeza oili nikaendelea. Kipande cha kumi baada ya hapo, kona ya rola ikamegeka. Rola zinakwenda kwa jozi, moja ikifa umepoteza zote mbili. Oda ilichelewa wiki tatu tukisubiri jozi nyingine.

Kwa hiyo pima cha kwanza, halafu pima kila cha kumi mpaka mwisho, na pima sehemu mbili za kipande hichohicho, maana nondo tunayokatia vipande inaweza kuwa na umbo la yai bila macho kuona. Andika kwa chaki kwenye meza. Atakayekuja kukuharakisha muoneshe chaki.

Magamba kwenye kilele, au vumbi linalometa kwenye oili, maana yake chuma kimezidi na hakina pa kwenda. Simamisha mashine hapohapo. Ukilazimisha, ndani ya bolti panaweza kupasuka na wewe usione kitu kwa nje. Kinyume chake, ukikagua kilele ukakuta juu yake kuna kimfereji kinachozunguka, hapo chuma kilikuwa kinapanda kutoka pande mbili na hakijakutana. Kimfereji chembamba hakina tatizo, ni alama ya kawaida ya uzi uliopigwa kwa rola. Kikiwa kipana, ama kipande ni chembamba ama mkandamizo hautoshi. Usikimbilie kuongeza mkandamizo kabla hujarudi kwenye maikromita. Vijana wengi wanazungusha vali ya haidroliki kama wanafungulia bomba la maji, na mashine inawalipa.

Ncha ya kipande iliyochongwa mshazari mnaiona kama urembo. Si urembo. Ncha isipochongwa, nyuzi za pembeni za rola zinapokea kona kali ya chuma na zinameguka. Chonga kwa pembe ya digrii 30 kutoka mstari wa katikati wa kipande, na mwanzo wa ncha uwe chini ya bonde la uzi, kwa M16 uwe chini ya 13.5. Usishangae ukikuta mshazari umesimama zaidi baada ya kazi, umefika karibu digrii 45. Chuma kimesukumwa kuelekea mwisho, ndivyo ilivyo.

Kulinganisha rola ndiko kunakotenganisha fundi na mkanyaga swichi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Rola zote mbili zinaacha alama kwenye kipande kimoja. Alama ya rola ya kulia lazima iangukie ndani ya alama ya rola ya kushoto. Zisipokutana, utapata nyuzi mbili zinazogombana, bolti inaonekana ina nyuzi nyembamba mara mbili ya zinazotakiwa, au inatoka imechanikachanika. Njia yetu ni kuweka kipande kilichopakwa rangi ya bluu ya kukagulia, kukibana kwa wepesi sana mpaka kizunguke mara moja tu, kisha kuachia. Toa kipande, kitazame kwa lenzi kwenye mwanga wa mlangoni, si chini ya taa ya juu inayoleta kivuli. Utaona mistari. Kama mstari wa pili uko pembeni ya wa kwanza, legeza rola moja, izungushe kidogo kwenye mhimili wake, funga, jaribu tena na kipande kipya. Usirudie kilekile, alama za zamani zitakudanganya. Siku ya kwanza itakuchukua saa nzima. Baadaye dakika kumi.

Na kile kibao cha chuma kinachokaa katikati ya rola, ambacho sisi tunakiita kisu ingawa hakikati, kazi yake ni kubeba kipande. Kiweke ili katikati ya kipande pawe chini kidogo ya katikati ya rola. Kikikaa juu, rola zitakirusha kipande nje, na kipande cha M16 kinachoruka si kitu cha kusimama mbele yake. Ukiona kipande kinatembea kuelekea mbele au nyuma wakati kinazunguka, rola zako haziko sambamba. Rekebisha hilo kabla ya kulaumu nondo.

Nondo nayo isemwe ukweli. Si kila chuma kinakubali kusukumwa. Chuma laini kinakubali vizuri. Chuma cha kumimina hakikubali, kinavunjika tu kama tofali. Mteja akikuletea chuma chakavu asichojua kimetoka wapi, kunja kipande chake kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, mpaka ncha zikutane. Kikipasuka mgongoni, mwambie kwa heshima kwamba kazi yake itafanyika kwenye kerezo. Na yale magamba meusi yanayokuja na nondo kutoka kiwandani lazima yatoke yote. Yakiingia chini ya rola yanasaga kama msasa, na yakibaki kwenye oili yanarudi kila unapomwaga.

Mtakutana pia na mteja mwenye vernia, kipimio cha kipenyo, yake mwenyewe. Alikuja mmoja kwetu, mkandarasi mtu mzima, akapima shingo ya bolti pale pasipo na nyuzi, akasoma 14.6, akaiweka mezani akasema, "Nimelipa kumi na sita, mmenipa kumi na nne." Fundi wetu mkuu hakubishana. Akamwambia, "Mzee wangu, kaa kidogo," akachukua karatasi. Bolti ya M16 inapovutwa inakatikia kwenye nyuzi, na eneo linalobeba mzigo pale ni milimita za mraba 157. Shingo ya 14.6 ina eneo la 167. Kwa hiyo shingo ina nguvu kuliko nyuzi, haiwezi kukatika kabla yake. Mzee alihesabu mwenyewe kwenye simu, akaondoka na bolti zake. Jifunzeni hesabu hiyo kwa moyo, itawaokoa mara nyingi. Lakini kama mchoro unasema shingo iwe 16 kamili, kwa mfano bolti inayopokea nguvu ya kukatwa ubavuni kwenye tundu lililobana, basi hakuna maelezo: acha shingo kamili na kereza ile sehemu ya nyuzi tu.

Atauliza pia kwa nini asichukue za kukata. Mwoneshe mbao. Seremala akikata mbao kupingana na nyuzinyuzi zake, pale pana udhaifu. Kukata nyuzi kwenye bolti ni hivyo, unakatisha mkondo wa chuma kila bonde. Rola zinaupinda mkondo ufuate umbo, na zinalibana bonde likawa gumu lisilo na mikwaruzo. Bolti inayotikiswa mchana na usiku, kama ya mota ya pampu au ya mashine ya kusaga, inachoka polepole zaidi ikiwa imepigwa kwa rola. Faida hiyo inapungua ukiipeleka bolti kwenye tanuri la kukaza baada ya nyuzi, basi muulize mteja mapema.

Angalieni sana bolti za nusu inchi. Bado tuna mashine za zamani za Kiingereza nchini, na nyuzi zake ni za Whitworth, zilizopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Pembe ya uzi wake ni digrii 55, yetu ya milimita ni 60. Nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi, ya Kimarekani ina 13, na M12 ina pichi ya 1.75. Nati ya moja ikiingia mizunguko miwili kwenye nyingine, kijana anadhani imekubali. Haijakubali. Tumia geji ya pichi kila bolti ya sampuli inapoletwa, hata kama aliyeileta anaapa.

Bolti za J, zile zinazozikwa kwenye msingi wa nguzo, zinapigwa nyuzi kwanza, zinakunjwa baadaye. Kipande kinazunguka, msisahau. Niliwahi kupewa bolti ambayo ilishakunjwa, mteja alitaka nyuzi ziongezwe urefu, nami nikaona ni sentimita mbili tu. Mkunjo ulizunguka mara moja ukanipiga kifundo cha mkono wa kushoto kabla mguu haujaachia swichi. Niliuguza miezi miwili, na mpaka leo asubuhi za baridi mkono unanikumbusha. Kipande kirefu kilichonyooka nacho kiwekewe egemeo nyuma ya mashine, kisichape. Glovu vua unapolisha. Glovu ikinaswa na rola, mkono unafuata. Mikono ya ovaroli kunja mpaka juu ya kiwiko, na vipande vifupi vilishwe kwa koleo, kamwe si kwa vidole.

Bolti zinazokwenda kupakwa zinki ya moto, kama za minara na za vyuma vya nje, zina hesabu yake. Tabaka la zinki linaongeza kipenyo cha katikati ya uzi mara nne ya unene wake, kwa kuwa linakaa pande zote mbili na uzi una mteremko. Tabaka la sehemu 5 za mia za milimita linakuwa 0.2. Nati ya kawaida haitaingia, lazima itapiwe, yaani ikatwe nyuzi zake za ndani, kubwa zaidi, na mteja aambiwe kabla hajapandisha watu juu ya mnara.

Mwisho wa shifti, chukueni geji mbili za ringi, zile pete zenye nyuzi za kukagulia bolti: ile ya kupita lazima ipite bolti nzima kwa vidole bila nguvu, na ile ya kutopita isizidi mizunguko miwili. Kisha fungueni rola, zisafisheni kwa brashi ya shaba, si ya chuma, zipakeni oili, muzifunge kwenye karatasi kila moja peke yake, lakini jozi ikae sanduku moja. Andikeni namba ya jozi kwenye sanduku na kwenye karatasi. Rola ni ngumu kiasi kwamba ikianguka sakafuni haipindi, inameguka, kwa hiyo ibebeni kwa mikono miwili hata ikiwa ndogo.